Niko Nyumbani Tu

Lipo katika lugha yetu neno dogo la herufi mbili, ambalo likifuatana na kitu hukipunguzia thamani. Neno hilo ni "tu". Mtu akisema amekula wali, tumemwelewa. Akisema amekula wali tu, tumejua kwamba kitoweo hakikuwako. Msichana aliyemaliza masomo yake na bado hajapata kazi ya mshahara, aulizwapo na mgeni, "Siku hizi wafanya nini?" aghalabu hujibu, "Sifanyi kitu. Niko nyumbani tu." Husema hivyo ilhali mikono yake bado ina unga na majivu. Nataka katika insha hii tulipime jibu hilo. Je, ni la kweli? Na ikiwa si la kweli, ni nani anayepata faida kwa kusemwa kwake?

Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya maswali ambayo wanafunzi hupenda kuyajadili, kama vile haki ya vita au asili ya uovu. Mimi siamini kuwa ni dogo. Wengi wetu hatutapata kuamua jambo la vita maishani mwetu, lakini kila mmoja wetu alikula jana chakula ambacho mtu fulani alikipika, na kila mmoja ana wazo, zuri au baya, juu ya deni alilo nalo kwa mtu huyo.

Mfano wangu nitautoa Mtito Andei. Huu ni mji wa barabarani katika Kaunti ya Makueni, karibu na katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa. Jina lake ni la Kikamba, nalo huelezwa kuwa maana yake ni msitu wa tai wala mizoga. Upande mmoja iko Tsavo Magharibi na upande wa pili Tsavo Mashariki, mbuga zilizotengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1948. Katikati hupita barabara ya malori, reli ya zamani iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, na reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Nchi ni kavu. Mibuyu huistahimili, mahindi mara nyingi hushindwa. Ndovu hutoka mbugani usiku wakamaliza katika saa moja shamba lililolimwa kwa miezi mitatu. Maji ya chemchemi ya Mzima, iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, huenda Mombasa kwa bomba lililojengwa katika miaka ya 1950, ilhali watu wengi wanaoishi kando ya mbuga hununua maji yao kwa mtungi.

Msichana ninayemsema hapa si mmoja. Wako wengi walio katika hali yake, na mimi nitamsema kama mmoja kwa urahisi wa maelezo. Wala sitampa jina, kwa maana msomaji aweza kumpa jina la dada yake. Ana umri wa miaka 24. Ana stashahada ya ualimu, imefungwa katika mfuko wa nailoni na kuwekwa juu ya kabati mahali ambapo mvua haivuji. Amepeleka maombi yake kwa Tume ya Kuajiri Walimu mara tatu. Majirani wamekwisha kumwita "mwalimu", kwa heshima, na yeye huitika. Lakini kila aitwapo hukumbuka kwamba hana darasa.

Nyumbani mwao mna watu saba: baba, mama, bibi mzaa baba, kaka mkubwa, yeye mwenyewe, na wadogo wawili wanaosoma. Fedha huingia kwa njia tatu, wala hapana hata moja inayoaminika. Mama ana meza ya mboga na nyanya. Baba hupata vibarua. Na mjomba aliye Mombasa hutuma kidogo kwa simu akumbukapo. Fedha hizi zote hufika mkononi mwa binti, kwa sababu ndiye aliyesoma hesabu zaidi kuliko wengine, na kwa sababu ndiye aliyeko. Ana daftari la shule, la kurasa 96, ambalo ameligawanya kwa mistari ya rula: unga, maji, makaa, sabuni, karo, dawa za bibi, deni la dukani.

Watu wasiopata kushika daftari kama hilo hudhani kwamba kazi ya mtunza nyumba maskini ni nyepesi kwa kuwa fedha ni chache. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Tajiri akikosea hesabu hupoteza fedha. Maskini akikosea hesabu, mtu hulala na njaa. Tuseme asubuhi moja binti huyu ana shilingi 400. Akinunua unga wa pakiti, ugali utaiva upesi na makaa yatabaki, lakini pakiti itakwisha siku ile ile. Akipika muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, watu watashiba na chungu kitafika kesho. Lakini muthokoi hukaa motoni saa nyingi, na makaa ni fedha. Basi huyaloweka mahindi tangu usiku. Huchanganya ndengu badala ya maharagwe, kwa maana ndengu huiva mapema. Hutumia jiko lenye kikombe cha udongo ndani, la namna iliyoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, kwa kuwa hutunza joto. Huchemsha chungu kizima bila chumvi wala kitunguu, akakaanga sehemu leo na kuiacha sehemu kwa kesho, maana chakula kilichokwisha kuungwa huchacha upesi katika joto la nchi ile. Hapana chuo kilichomfundisha mambo haya kwa pamoja. Ameyakusanya kwa mama yake, kwa bibi yake, na kwa makosa ya jikoni.

Tena yako mambo ya mbali zaidi ambayo ni lazima ayaone kabla hayajafika. Ndengu na kunde huwa rahisi baada ya mavuno ya mvua za vuli, yapata mwezi wa Februari, na hupanda bei kadiri miezi inavyokwenda. Mwenye fedha mwezi wa Februari hununua gunia. Asiye nayo hununua kilo moja moja mwaka mzima, na mwisho wa mwaka amelipa zaidi kuliko mwenye gunia. Mafuta ya kupimiwa katika kikopo ni ghali kuliko mafuta ya chupa, ukiyahesabu kwa lita. Kwa hiyo binti huyu huweka shilingi 20 leo na shilingi 20 kesho, mpaka iweze kununuliwa chupa, na siku ile ichukuliwapo dukani hapana ajuaye nyumbani kwamba ushindi umepatikana. Mwaka 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipopita shilingi 200, na mwezi wa Julai serikali ikaamuru kwa muda iuzwe kwa shilingi 100, magazeti yaliandika habari hiyo kwa herufi kubwa. Katika majumba kama haya habari yenyewe iliandikwa mapema, kwa kalamu ya risasi, katika safu ya unga.

Sasa tulirudie neno "tu". Mtu afanyaye mambo hayo yote anawezaje kusema hafanyi kitu?

Tuyatazame kwanza maneno tunayoyatumia. Neno "uchumi" lina mzizi wake katika kuchuma, kazi ya mkono unaotwaa matunda mtini. Neno "uwekevu" lina mzizi wake katika kuweka. La kwanza tumelipa wizara, vitivo vya vyuo vikuu na kurasa za magazeti. La pili tumewaachia akina mama na methali. Lakini kilichochumwa kisipowekwa huoza, na nyumba nyingi zenye kuchuma sana zimeanguka kwa kukosa mwekaji. Wazungu nao, ambao tumejifunza kwao elimu ya uchumi, jina la elimu hiyo walilipata katika maneno ya Kiyunani yenye maana ya kuitawala nyumba. Katika karne ya nne kabla ya Kristo Myunani mmoja, Xenophon, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Ndani yake mume aitwaye Ischomachus anaeleza jinsi alivyomfundisha mkewe, msichana aliyeolewa kabla hajatimiza miaka 15, kupanga vyombo, kutunza akiba na kuongoza watumishi. Ni kitabu chenye busara nyingi. Jambo moja hunisumbua kila nikisomapo: maneno ya mke yule twayapata kwa kinywa cha mumewe. Yeye mwenyewe hakuitwa kuhudhuria mazungumzo.

Hali hiyo haikubadilika sana katika hesabu za mataifa. Mpishi wa hoteli ya barabarani pale Mtito Andei, akiwapikia abiria wa basi, kazi yake huhesabiwa katika pato la taifa. Binti wetu akipika chakula kile kile, hatua mia mbili kutoka hotelini, kazi yake haihesabiwi. Mwingereza Arthur Pigou, mtaalamu wa uchumi, alilitaja jambo hili zamani, mwaka 1920: alisema kwamba mtu akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa hupungua, ingawa nyumba imefagiliwa kama jana. Na mwaka 1988 Marilyn Waring wa New Zealand alitoa kitabu kizima cha kuishutumu hesabu hiyo. Kwetu Kenya, uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na serikali mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanamke hutumia kwa wastani karibu saa nne na nusu kila siku katika kazi za nyumbani na ulezi bila malipo. Mwanamume hafikii hata saa moja. Saa nne na nusu kwa siku zikihesabiwa kwa juma ni zaidi ya saa 31. Yuko mtu afanyaye kazi ya ofisi kwa muda usiozidi sana huo, naye hasemi yuko ofisini tu.

Kufika hapa wengi watakubaliana nami, na baadhi yao watakubali upesi mno. Watasema, "Kweli kabisa. Kazi ya nyumbani ni kazi tukufu. Binti na atulie, aendelee nayo." Hapo ndipo mashaka yangu yanapoanza. Sifa yaweza kuwa kamba. Mtu aweza kusifiwa kwa kazi yake kusudi asiulize ujira wake, kama punda anavyopigwapigwa shingoni kabla ya kutwikwa mzigo wa pili. Ikiwa kazi ile ni kazi, basi inadai yale ambayo kila kazi inadai: ijulikane ni ya nani, ina mwanzo na mwisho gani, na anayeifanya anapata nini. Tukikataa madai hayo huku tukiendelea kumsifu, sifa zetu hazina uzito kuliko lile neno "tu".

Mtazameni kaka yake. Naye alisoma, ana cheti cha ufundi wa umeme, naye hana kazi. Asubuhi hunywa chai aliyopikiwa, akaenda kituo cha mabasi, akakaa na wenzake, pengine wakicheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Mgeni akiuliza habari zake, mama hujibu, "Anatafuta kazi." Watoto wawili wa nyumba moja, hawana kazi ya mshahara wote wawili: mmoja anatafuta, mwingine yuko nyumbani tu. Sisemi kwamba kijana yule ni mvivu. Habari za vibarua hupatikana kituoni kweli, na dereva wa lori atakaye mtu wa kumsaidia hamfuati jikoni. Lakini hilo ndilo jambo lenyewe. Kaka amepewa mchana wake akae mahali ambapo bahati hupita. Dada amewekwa mahali ambapo haipiti. Kazi ya nyumbani haikuchukua saa zake peke yake. Ilichukua na njia yake.

Msomaji ukiwa mvulana, usidhani nakushitaki. Nakuuliza tu: jana usiku, sahani yako iliosheka kwa mkono wa nani?

Sheria yetu imelikaribia jambo hili kwa upande mmoja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inapoeleza ni nini mchango wa mume au mke katika mali yao, haikutaja fedha peke yake. Ilitaja pia kazi za nyumbani, utunzaji wa nyumba, malezi ya watoto na kazi ya shambani. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na mwanafunzi afaa kulijua. Lakini sheria hiyo ni ya wanandoa. Binti aliye kwa baba yake hakutajwa. Hata akitunza daftari lile kwa miaka sita, akiondoka huondoka na nguo zake na mfuko wake wa nailoni. Mahali ambapo sheria haifiki ni lazima uadilifu wa watu wa nyumbani ufike, na kama haukufika, hapana mahakama ya kuuita.

Liko pingamizi lililo zito zaidi kuliko yote, nalo hutolewa na baba. Husema, "Mwanangu, tuliuza mbuzi na kipande cha shamba ili usome. Ukianza leo kuuza chai barabarani, au kusuka nywele, au kukaa dukani kwa mtu, watu watasema tulipoteza mali yetu. Subiri barua yako." Baba huyu si mkatili. Anasema kwa mapenzi na kwa haya, na vitu hivi viwili vikikutana ni vigumu kujibiwa.

Na barua yenyewe haina siku. Vyuo hutoa walimu wengi kuliko nafasi zinazotangazwa. Hata ajira ikija huenda isiwe ile iliyoota ndotoni: mwaka 2023 maelfu ya walimu wa sekondari msingi walichukuliwa kwa mkataba wa uanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka uliofuata waligoma wakidai ajira ya kudumu. Kusubiri kitu chenye tarehe ni subira. Kusubiri kitu kisicho na tarehe, bila kufanya lingine, ni jambo jingine ambalo lugha yetu haijalipa jina zuri.

Ajabu ni kwamba baba anayesema hivyo shambani hafanyi hivyo. Ukambani watu wamejifunza kwa uchungu namna ya kutenda bila kujua ya mbele. Hapana mkulima wa Mtito Andei ajuaye mwezi wa Oktoba kama mvua za vuli zitanyesha. Akingoja mpaka ajue, amechelewa, kwa maana mvua ni chache na siku zake ni fupi. Basi wengi hupanda katika udongo mkavu, kabla ya tone la kwanza. Wala hapandi mbegu ya namna moja. Hupanda mahindi ya Katumani, yaitwayo kwa jina la kituo cha utafiti kilicho karibu na Machakos, kwa sababu hukomaa mapema; hupanda kunde, ndengu, mbaazi na mtama, ili lile litakaloshindwa na jua liachie nafasi lile litakalostahimili. Na kabla ya yote hayo huwa ametenga mbegu, hata katika miezi ya njaa, akazitundika juu ya moshi mbali na fukusi, na watoto hukatazwa kuzigusa. Mapema katika miaka ya 1980 ilikuja njaa ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake nafa huku nimeshika: watu walikuwa na fedha mikononi, na chakula cha kununua hakikuwako. Watu waliotoa jina hilo walijua kwamba mali ya aina moja haitoshi kumwokoa mtu.

Kwa nini basi hekima hii ifuatwe shambani na iachwe katika maisha ya binti? Cheti chake ni mbegu moja. Ni mbegu njema, wala sishauri itupwe. Lakini kuisubiri peke yake ni sawa na kupanda mahindi matupu mwaka wa kiangazi. Anaweza kuwafundisha watoto wa majirani hesabu jioni, kwa malipo madogo. Anaweza kuweka vitabu vya hesabu katika mojawapo ya hoteli za barabarani. Tangu reli mpya ije, wenye biashara hizo wamelalamika kwamba wateja wamepungua, na biashara iliyopungukiwa na wateja ndiyo inayohitaji zaidi mtu wa kuhesabu senti. Kumbukeni kwamba hesabu amekwisha kuzifanya kwa miaka, na shilingi 400 kwa watu saba ni mtihani mgumu kuliko hesabu za hoteli. Ile aibu ya baba huwezi kuiondoa kwa hoja. Lakini nimeona mara nyingi kwamba aibu hupungua mtu akipeleka nyumbani gunia la ndengu mwezi wa Februari.

Nasema hivi nikijua kwamba liko jambo moja la kutangulia. Ili afundishe jioni, ni lazima mwingine apike jioni. Ili aende hotelini asubuhi, ni lazima mwingine ateke maji asubuhi. Mashauri yote wanayopewa wasichana juu ya kujitegemea huwa hewa tupu ikiwa katika nyumba hapana mtu aliye tayari kuishika ndoo. Kaka ana mikono miwili. Wadogo wana jioni zao. Baba, siku asizo na kibarua, aweza kuchambua ndengu kama mtu mwingine, na mawe yaliyomo katika ndengu hayajui kama anayeyatoa ni mwanamume.

Tena lile daftari lina kasoro, na mpaka sasa sikuitaja. Lina safu ya unga, ya maji, ya makaa, ya sabuni, ya karo, ya dawa na ya deni. Safu yake yeye mwenyewe haimo. Nauli ya kwenda Wote, makao makuu ya kaunti, kwa ajili ya usaili. Fedha ya kunakili vyeti. Salio la simu la kusomea matangazo ya kazi. Jozi ya viatu visivyo vya nyumbani: vyote hivyo hulipwa kwa kuibia safu nyingine, kwa moyo wa wasiwasi, kama mtu afanyaye kosa. Msichana huyu amekuwa mwekevu kwa ajili ya kila mtu isipokuwa yule aliyeshika kalamu. Watu humwita mwema kwa sababu hiyo. Mimi nadhani hapo amejikosea haki, na waliomwachia ajikosee wameshiriki. Mkulima hutenga mbegu kwanza, ndipo akagawa chakula. Huyu amegawa chakula chote na mbegu haikutengwa. Safu ile haihitaji kuwa kubwa. Shilingi 20 kwa siku, zile zile alizokuwa akiziweka kwa ajili ya chupa ya mafuta, zatosha kwa kuanzia, mradi ziandikwe waziwazi, kwa wino, na jina lake likae juu yake mbele ya wote wenye kulisoma daftari.

Baba mmoja aliyeyasikia maneno kama haya aliniambia kwamba nataka kugeuza nyumba kuwa duka, ambamo kila tendo la upendo lina bei. Maneno yake yana uzito, nami sipendi nyumba ya namna hiyo. Lakini duka limekwisha kuwamo. Karo ina bei, makaa yana bei, na mbuzi waliouzwa kwa ajili ya masomo yake hutajwa kwa hesabu kila akitaka kutoka. Kitu kimoja tu katika nyumba ile kimeachwa bila kuandikwa, na siku yaja ambayo kitaandikwa.

Tuseme barua ya Tume imefika. Binti amepewa shule, mbali, Kitui au Kwale, naye ana majuma mawili ya kuripoti. Jirani wamekuja kupongeza, kuku amechinjwa, na yeye ndiye aliyempika. Usiku ule, wageni wakiisha kwenda, baba na mama huanza kusemezana kwa sauti ya chini. Bibi hawezi kukaa peke yake mchana. Mama hawezi kuiacha meza yake. Watoto watakula nini warudipo? Baada ya siku chache hupatikana msichana kutoka kijiji cha ndani, wa miaka 19, ambaye naye kwao walisema yuko nyumbani tu. Huulizwa atataka kiasi gani, hutaja, hupunguziwa. Mama huchukua daftari, akachora kwa rula mstari mpya kando ya deni la dukani, akaandika juu yake "msichana wa kazi", na chini yake kiasi walichopatana. Kazi ni zile zile: mahindi kulowekwa usiku, maji, makaa, bibi kupewa dawa zake saa mbili. Na mwisho wa mwezi wa kwanza baba atazihesabu zile noti mara mbili kabla ya kuzitoa, akimwuliza mkewe kama kazi hiyo kweli yafikia fedha zote hizo.